Joto la kale halipigiwi ramli

Wengi huamini kwamba joto la miaka elfu kumi iliyopita ni la kukisia tu, maana hakukuwa na kipimajoto. Sivyo. Maji yana oksijeni-16 iliyo nyepesi, na oksijeni-18 kidogo, iliyo nzito. Mvuke ukisafiri kuelekea ncha za dunia, nzito hutangulia kudondoka. Baridi ikizidi, theluji hufika ikiwa na nzito pungufu.

Mwaka 1952, mwanasayansi wa Denmark, Willi Dansgaard, aliweka chupa tupu ya bia yenye faneli bustanini kwake Copenhagen, akakinga mvua ili apime oksijeni hizo. Chupa ya bia! Barafu ya Greenland imehifadhi kumbukumbu hiyohiyo, tabaka juu ya tabaka. Chanzo cha mvuke nacho huathiri kipimo, hivyo wataalamu hupima pia joto ndani ya shimo walilochimba kwenye barafu.