Alzheimer haianzi kwa seli kunyamaza

Wengi huamini kuwa seli za ubongo wenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, hufifia tu tangu mwanzo. Sivyo. Mwaka 2008, watafiti wa Munich, Ujerumani, walikuta kwa panya kwamba seli zilizo karibu na mabonge ya protini ya amiloidi zinarusha ishara kupita kiasi. Amiloidi huchelewesha kuondolewa kwa glutameti, kemikali inayoamsha seli.

Je, msisimko huo ni ubongo kujikakamua kufidia hasara? Ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kiliwapa watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu levetirasetamu, dawa ya kifafa, miligramu 125 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili: msisimko wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ulipungua, na kumbukumbu ikapimwa kuwa bora, ishara kwamba msisimko huo haukuwa ukisaidia. Hiyo si tiba iliyothibitishwa. Tafadhali usimpe mzee bila daktari.