Kabla ya uso, naomba kuona vidole

Mgonjwa akija na madoa usoni, kwanza namwomba anyooshe mikono. Sugu za vidole zikiwa nyeusi ti huku mkono wenyewe umekuwa mwekundu, mkorogo umeshapita hapo. Ngozi ya sugu ni nene, haichubuki kama ya mashavu.

Hivi karibuni alikuja mama anayeanika dagaa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria jijini Mwanza. Alikuwa na melasma, yale madoa ya kahawia yanayotanda mashavuni, ambayo kwake yalianza na mimba. Akatoa kopo la krimu lisilo na lebo. "Dokta, wiki za mwanzo nilitakata kabisa. Sasa nikiacha siku mbili, uso unawaka moto."

Kutakata haraka, kisha kuwaka ukiacha: hiyo ni tabia ya steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, mara nyingi klobetasoli. Ni dawa nzuri kwa magonjwa fulani, lakini si ya kupaka usoni kila siku. Huifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa midogo ionekane, na huleta chunusi. Humo kwenye kopo huweza kuwamo pia zebaki, inayopenya ngozi na kuumiza figo.

Na haidrokwinoni. Hii naitetea, kwa sababu mikononi mwa daktari ni dawa: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Tunatumia ya asilimia 4, juu ya doa tu, kwa miezi michache, kisha ngozi inapumzishwa. Ikipakwa kwa miaka, ngozi inaweza kugeuka ya bluu iliyokolea weusi. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza hayo mwaka 1975, na hadi leo kuiondoa rangi hiyo ni kazi kubwa. Ndiyo maana Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki.

Krimu ile sikumwachisha ghafla. Nilimpa steroidi hafifu ya kupunguza taratibu, na asidi ya azelaiki asilimia 20, ambayo hata mjamzito anaweza kuitumia. Tretinoini, dawa nyingine ya madoa, nisingempa mjamzito.

Ila dawa yoyote ingeshindwa na jua la ziwani. Anainama juu ya mchanga saa nne hadi saa tisa, mwanga unampiga kutoka juu na kutoka chini. Kwa ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea melasma, hivyo nilimwandikia losheni ya jua yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma, pamoja na kofia pana. Nikamwambia madoa yatachukua miezi mitatu hadi sita kufifia. Akashusha pumzi.

Kopo aliniachia. Taulo na foronya nilimsihi azifue kando, maana krimu hunasa kwenye kitambaa, na ana mtoto wa miezi minane anayelala shavuni mwake.