Wati-saa: kipimo cha kuchagulia betri ya baiskeli ya umeme kwa safari ndefu

Wati-saa ni kipimo cha nishati iliyomo ndani ya betri, yaani kazi yote inayoweza kufanyika kabla chaji haijaisha. Hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504, ilhali ya volti 48 yenye ampea-saa hizohizo 14 ina 672. Kwa hiyo ampea-saa peke yake, ambayo wauzaji wengi hupenda kuitanguliza, haimwambii mnunuzi atafika wapi. Anayenunua umeme wa LUKU anakifahamu kipimo hiki tayari, kwa kuwa uniti moja ni wati-saa 1,000.

Baiskeli ambayo mpandaji wake anakanyaga pedeli kwa bidii hutumia takriban wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita kwenye tambarare, na anayeiachia mota kazi yote anaweza kufika 15 au kupita hapo. Mwendo nao una gharama kubwa kuliko wengi wanavyodhani: nishati ya kuukata upepo katika kila kilomita huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo anayetoka kilomita 25 kwa saa na kufika 35 huutumia upepo huo karibu mara mbili ya nishati ya awali.

Tuchukue safari ya Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi. Kwa wati-saa 10 kwa kilomita, zinahitajika 800. Lakini eneo la uwanja wa ndege wa KIA, lililo njiani kati ya miji hiyo miwili, liko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko mita 1,400, kwa hiyo mlima unakuja katika sehemu ya mwisho ya safari, betri ikiwa imeshapungua na volti zake zimeshuka. Kuupandisha mzigo wa kilo 110, yaani mtu, baiskeli na mabegi, kwa mita 500 kunadai wati-saa 150, na ukihesabu zinazopotea kwenye mota zinakaribia 190. Jumla inakaribia 1,000, nami nisingeianza safari hiyo na betri iliyo chini ya 1,200, kwa sababu upepo wa mbele haupigiwi hesabu, na betri ya lithiamu iliyochajiwa mara mia kadhaa hubaki na takriban asilimia 80 tu ya uwezo wake wa mwanzo.

Namba iliyobandikwa kwenye betri nayo ihakikiwe, na mzani hutosha kwa kazi hiyo. Betri nyingi za volti 48 zimeundwa kwa safu ya seli 13, na seli ya kawaida ya aina ya 18650, ambayo ina uzito wa gramu 48 hivi, ikiwa bora hubeba takriban ampea-saa 3.5. Ili kufikisha ampea-saa 20 zinahitajika safu sita, sawa na seli 78, ambazo peke yake, bila kasha, nyaya wala saketi ya ulinzi, huzidi kilo tatu na nusu. Betri inayouzwa kwa namba hizo huku mzani ukisoma kilo mbili haina nishati iliyoandikwa, hata muuzaji atoe dhamana ya miaka mingapi.