Leseni ya bunduki hairithiwi

Kuna imani ya siku nyingi, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, kwamba mzee akifariki, bunduki yake huhamia kwa mtoto aliyetajwa kwenye kikao cha ukoo, leseni ikiwemo. Imani hii ina chanzo chake: mashamba na ng'ombe hugawanywa hivyohivyo.

Leseni, hata hivyo, ni ya mtu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, mmiliki akifa, silaha haibaki nyumbani ikisubiri mirathi, hukabidhiwa polisi. Muhtasari wa ukoo unaweza kusema nani anaitaka, lakini huyo naye ataomba leseni yake mwenyewe, akianzia serikali ya kijiji au mtaa.

Kuhakikisha leseni ni ya nani na ya bunduki ipi si kazi ngumu. Soma jina kwenye leseni, kisha linganisha namba ya bunduki iliyoandikwa humo na ile iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe. Tarakimu moja ikipishana, ulizeni kituoni.

Kwenye kukabidhi ndiko watu hukosea. Usiibebe mabegani hadi kituoni. Toa taarifa kwanza, polisi waje kuichukua. Gobore ni la hatari zaidi: baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kwa hiyo hakuna chemba ya kufungua na kuchungulia, na shindilio la miaka iliyopita linaweza kuwa bado limo. Msijaribu kulichokonoa. Liacheni lilipo, watoto wakae mbali, na mkipokelewa silaha mdai hati ya makabidhiano yenye namba ya bunduki na idadi ya risasi.