Nani Analipa? Ninavyozipima Riwaya za Njozi za Vijana

Mwezi uliopita nilikuwa na mswada mezani, nikakwama ukurasa wa 31. Msichana wa miaka 15 anamkuta kaka yake amechomwa mkuki ubavuni. Anaweka kiganja juu ya jeraha, anatamka maneno matatu ya kale, damu inakatika, nyama inajifunga. Kaka anaketi na kuomba maji. Aya inayofuata wako njiani, wanapiga soga. Mwandishi huyu ana kipaji, na lile jeraha alilichora vizuri hata nikajishika ubavu mwenyewe. Lakini pembeni mwa ukurasa niliandika kwa penseli maneno mawili ambayo nimeyaandika kwenye miswada mingi kuliko maneno mengine yoyote: "Nani analipa?"

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za vijana, hasa za njozi na za safari za hatari. Nje ya kazi nazisoma hizo hizo, kwa sababu nazipenda. Watu huniuliza zipi nazisifu na zipi naziweka chini kabla ya nusu, na kwa nini. Nikichunguza moyo wangu naona karibu kila hukumu yangu inaanzia kwenye swali lile la penseli.

Uchawi usiogharimu kitu unaua hadithi, na nasema hivi kama fundi. Msomaji wa miaka 13 akishaona kwamba jeraha la mkuki linafungwa kwa maneno matatu, hataogopa tena mkuki wowote mpaka mwisho wa kitabu. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuleta mikuki kumi, kisha jeshi, kisha joka, kisha majoka saba. Kila anapoongeza, msomaji anazidi kutulia, maana ameshajua dawa iko mkononi. Nimesoma riwaya ambamo dunia nzima inateketea sura ya mwisho na moyo wangu haukudunda hata mara moja. Na nimesoma nyingine ambamo msichana anawasha mshumaa tu kwa uwezo wake, nami nikataka kumpigia kelele auzime.

Ursula K. Le Guin alilijua hili. Mwaka 1967 mchapishaji mmoja alimwomba aandikie vijana, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Akajiuliza swali la kitoto kabisa: wale wajuzi wa uchawi katika hadithi huwa ni wazee wenye ndevu nyeupe, je, kabla ya ndevu walikuwaje, na walisomea wapi? (Nawaita wajuzi kwa makusudi. Neno "mchawi" katika Kiswahili limeshabeba ubaya, na "mganga" limeshabeba tiba, na huyu mzee wa fimbo hakai vizuri kwenye lolote kati ya hayo. Watafsiri wanaohangaika na neno hili nawaonea huruma ya dhati.) Kutokana na swali lile kikapatikana A Wizard of Earthsea, kilichotoka 1968.

Kijana Ged ana kipaji kikubwa na majivuno makubwa zaidi. Yuko shuleni, mwenzake anamchokoza, naye anaapa kwamba anaweza kumwita roho wa aliyekufa zamani. Anaweza kweli. Ila kwenye ufa alioufungua kinapenya kivuli, kinamrukia na kumrarua uso. Mkuu wa shule, mzee mpole, ndiye anayekuja kuuziba ule ufa. Anauziba, na nguvu zake zote zinaishia humo, anakufa. Angalia bili ilivyogawanywa. Sehemu ya kwanza inalipwa na mzee ambaye hakushindana na mtu. Iliyobaki ni ya Ged: makovu ya uso, na kile kivuli kinachomwinda kisiwa hadi kisiwa. Baada ya hapo, kila Ged anapofungua mdomo kutamka neno la uchawi, msomaji anashika pumzi. Kitabu chenyewe ni chembamba. Mwisho wake sitausema, ila nawaomba msiusome mkiwa kwenye basi.

Anayedhani mambo haya yametoka ng'ambo tu afungue Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Adili anawachapa manyani wawili usiku, kwa amri ya jini. Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Hukumu ameitoa jini, lakini kiboko kimewekwa mkononi mwa Adili. Hata kushinda kwake kuna malipo, na malipo hayo hayaishi siku moja. Picha ile ya mtu mwema na kiboko chake ilinikaa kichwani tangu nikiwa mdogo, kabla sijajua kwamba kuna kazi inayoitwa uhariri.

Si lazima malipo yawe ya kichawi. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008, hakuna uchawi, kuna hesabu. Kila mwaka majina ya vijana wa miaka 12 hadi 18 yanaingia kwenye kura, na anayetoka anapelekwa kuuana na wenzake. Ukiwa na miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukiwa na 13 mara mbili, na kuendelea. Mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake mara moja zaidi, apewe mgawo mdogo wa nafaka na mafuta wa mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kufanya hivyo kwa kila mtu wa nyumbani kwake. Na nyongeza hizo hazifutwi, zinarundikana.

Katniss, msichana anayetusimulia, ana miaka 16, na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye 18, limo mara 42. Nilipokisoma mara ya kwanza nilipita tu. Mara ya pili nilichukua kalamu. Katniss anaongeza mara tatu kila mwaka, kwa ajili yake, mama yake na mdogo wake, na ukiweka ile moja ya lazima ni nne. Nne kwa miaka mitano, ishirini. Gale analisha watu watano, pamoja na ile ya lazima ni sita, mara miaka saba, arobaini na mbili. Hesabu inafunga. Halafu jina linalotoka ni la mdogo wake Katniss, ambalo limo mara moja tu. Mwandishi hakuandika hotuba kuhusu umaskini. Aliweka namba mbili ambazo mtoto wa darasa la sita anaweza kuzikokotoa, akaenda zake.

Kama ningeambiwa nichague wazo moja tu katika riwaya zote za vijana nilizosoma, ningechukua lile la Philip Pullman katika Northern Lights, ya 1995. Katika dunia yake, roho ya kila mtu iko nje ya mwili, ina umbo la mnyama, na inazungumza naye. Roho ya mtoto hubadilika apendavyo: sasa nondo, baadaye paka-mwitu, baadaye ndege. Akikua, inatulia kwenye umbo moja na haibadiliki tena. Mwandishi hahitaji kuhubiri kuhusu kubalehe. Kila kijana anaelewa papo hapo kwamba kukua kuna gharama: unapata umbo lako la kweli, na unapoteza mengine yote.

Nilikaa na msichana wa miaka 12 aliyekuwa amekimaliza siku ile. Akaniambia roho yake ingekuwa popo. Baada ya muda akasema hapana, kenge. Kisha akanyamaza, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Lakini sitaki iamuliwe sasa." Nimesoma uchambuzi mwingi wa riwaya ile, na sijaona sentensi iliyoielewa kuliko hiyo.

Kwa riwaya za safari na hatari, malipo ni umbali. Robert Louis Stevenson alianza Treasure Island kwa kuchora ramani ya kisiwa cha kubuni, mwaka 1881 huko Uskoti, wakati mvua imewafungia ndani yeye na mtoto wa mkewe. Hadithi ikatoka kwenye ramani. Ulipofika wakati wa kuchapa kitabu, kilichotoka 1883, aliituma ramani kwa wachapishaji, ikapotea njiani. Ikabidi aisome riwaya yake mwenyewe upya, akikusanya kila mahali palipotajwa kilima, ghuba au mwelekeo, kisha achore kwa bikari ramani inayokubaliana na maandishi. Akaweza.

Tangu niijue habari hiyo nina mtihani wangu: je, ramani ya mbele ikichanwa, naweza kuichora tena kutokana na maneno? Riwaya nyingi za siku hizi zina ramani ya kupendeza yenye milima na nyoka wa baharini, na ndani ya hadithi ramani hiyo haifanyi kazi yoyote. Mashujaa wanavuka jangwa kwa aya moja. Farasi hali, hanywi, hachechemei, anakimbia usiku kucha kama pikipiki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msafiri wa hadithini naye sharti aone kiu. Nikijua wamebakiwa na kiriba kimoja cha maji na kisima kiko mwendo wa siku mbili, sihitaji joka.

Sasa mteule. Mtoto yatima, alama mwilini, utabiri wa kale, dunia nzima inamngoja yeye. Wengi wameuchoka mkondo huu, mimi bado. Kijana wa miaka 14 anatamani sana kuambiwa kwamba yupo kwa sababu, na tamaa hiyo haistahili kudharauliwa. Ninachokataa ni utabiri unaofanya kazi badala ya mhusika. Kama imeandikwa kwamba atashinda, basi anachotoa ni nini? Utabiri mzuri ni ule anaoweza kuukimbia, akaona nani anaumia kwa kukimbia kwake, akarudi. Au ule uliosomwa vibaya na wazee waliojiamini kupita kiasi.

Na hao wazee. Waandishi wengi wanawaua wazazi sura ya kwanza ili watoto wawe huru kutembea. Naelewa sababu, mama mwenye akili timamu hamruhusu mwanawe kwenda pangoni kwa mzimu. Lakini kifo cha mzazi kikitumiwa kama ufunguo wa mlango, na baada ya hapo mtoto hamkumbuki tena mpaka pambano la mwisho, nahisi nimedanganywa. Kijana aliyefiwa hafiwi mara moja. Anafiwa tena anaponusa sabuni fulani, anapokosa mtu wa kumwonyesha alichopata. Mwandishi anayeziweka nukta hizo ndogo katikati ya mbio na mapanga, huyo namfuata popote.

Mapenzi ya watatu, msichana mmoja na vijana wawili, mmoja mpole mmoja hatari: yakikatwa katika miswada mingi, hakuna msomaji atakayeuliza yalikwenda wapi. Majina yaliyojaa konsonanti zisizotamkika: soma kwa sauti, ulimi ukigoma badilisha. Vitabu vya pili katika mfululizo wa vitatu ambavyo kazi yake ni kuwahamisha watu kutoka mahali pamoja hadi pengine: andika viwili.

Wazazi huniuliza kwa wasiwasi kuhusu vifo. Mbona vitabu hivi vimejaa vifo? Nawajibu kwamba ninachokiogopa ni kifo chepesi. Walinzi hamsini wanaanguka getini na shujaa wetu anatania huku akifuta upanga. Hakuna jina lao hata moja, hakuna anayewazika. Hicho ndicho ningekitoa mikononi mwa mtoto. Mkuu wa shule wa Ged ni mtu mmoja tu, lakini kifo chake kinasikika kitabu kizima, na mtoto anayekisoma anajifunza uzito wa mtu mmoja. Anaweza kulia. Aachwe alie, na kama anataka kuzungumza, uwepo karibu.

Yule mwandishi wa mswada alinijibu baada ya siku tisa. Hakubishana, hakueleza chochote, alituma kurasa tu. Niliruka hadi 31. Jeraha ni lile lile, maneno matatu ni yale yale, damu inakatika, kaka anaomba maji. Nikasikitika, nikadhani hakunielewa. Nikaendelea kusoma kwa ajili ya adabu.

Sura ya nne wamewasha moto porini. Kaka yake, ambaye ubavu haumuumi tena, anaanza kuimba taratibu wimbo wa kubembelezea ambao marehemu mama yao aliwaimbia kila usiku. Msichana anasikiliza mpaka mwisho, anasema ni mzuri, kisha anamuuliza ameujifunzia wapi. Kaka anamtazama kwa muda mrefu, halafu anaangalia viganja vya dada yake.