Pesa za treni zikihamishwa, hesabuni vituo

Simama kituo cha gari za 502, njia ya Bububu hapa Unguja, asubuhi ya masika. Utamuona mama kamshika mtoto wa skuli mkono mmoja, mkono wa pili ndoo ya maandazi, buibui limerowa hadi magotini. Kwake yeye usafiri ni masafa ya kutoka mlangoni hadi kituoni. Sisi wa mipango ya usafiri tunataka mjadala wa treni, ipite juu ya ardhi au chini yake, uanzie kwake.

Huko Scarborough, mashariki ya mji wa Toronto, Canada, palikuwa na mpango wa treni nyepesi, inayopita juu ya ardhi, yenye vituo 7. Serikali ya jimbo la Ontario ilishakubali kuilipia. Mwaka 2013 madiwani wakageuza: ijengwe treni ya chini ya ardhi, vituo 3. Gharama zikapanda, na 2016 kikabaki kituo 1. Mwaka 2019 jimbo likavirejesha 3. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakipanda treni kuukuu iliyofunguliwa 1985. Julai 2023 behewa la nyuma lilichomoka likaacha reli, abiria wakaumia, na njia ikafungwa moja kwa moja. Handaki jipya lilikuwa ndiyo kwanza linachimbwa. Abiria wakahamishiwa kwenye mabasi.

Kwa nini vituo hupungua pesa zikihamia chini? Chukua Darajani yetu. Jina limetokana na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla haujafukiwa. Ukichimba pale, maji hayako mbali. Handaki lazima lizuiwe maji, lipelekewe hewa, liwe na njia za kukimbilia moto ukizuka, na kila kituo ni jengo zima lililozikwa ardhini. Pesa zilizotosha vituo 7 juu haziwezi kutosha 7 chini. Pale abiria wamefurika hata treni nyepesi haiwahimili, gharama hiyo ni halali. Pasipokuwa hivyo, tunalipia fahari.

Wazee wetu waliona treni ya juu ya ardhi hapa hapa kwetu: mwaka 1905 reli ilianza kazi, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikikatiza katikati ya nyumba za watu.

Kwa hiyo mradi wowote wa usafiri ukitangazwa hapa kwetu, au pesa zake zikihamishiwa kwengine, ulizeni vituo vingapi vimebaki, na yule mama wa maandazi ataanza kupanda mwaka gani.