"Wakiona haya wataamka": dhana potofu kuhusu kubandika matokeo ya wafanyakazi

Wiki mbili kabla ya Idi, meneja wa duka moja la nguo Biashara Street, Mombasa, alinionyesha kwa fahari karatasi aliyoibandika karibu na mlango wa stoo. Majina kumi na mawili, mauzo ya kila mmoja, na watatu wa mwisho kawapigia mstari mwekundu. "Mwalimu, wakiona haya wataamka." Ni mteja wangu wa nne mwaka huu kuniambia hayo, na upole wa kumjibu umeniishia.

Wataamka, ndiyo, ila kumgombea mteja. Mama anayetaka doti ishirini za khanga za harusi atavamiwa na wauzaji watatu. Aliyekuja kubadilisha kikoi atasimama mpaka miguu imfe ganzi, kwa kuwa kubadilisha hakuhesabiwi. Mfanyakazi mgeni hatafundishwa na yeyote, maana akijua kazi atakupita ubaoni.

Na hizo tarakimu zilipima nini? Niliuliza yule wa mwisho yuko kaunta gani. Sare za shule! Msimu huo Mombasa nzima inatafuta kanzu na mabuibui. Januari, wazazi wakimiminika, karatasi hiyo hiyo ingemfanya bingwa. Meneja alipima kaunta, akaaibisha mtu.

Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu kumweleza mtu matokeo ya kazi yake. Kwa wastani kunasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo walivyovikusanya, kazi ilishuka. Maelezo yao ni kwamba faida hupungua pale fikira za mtu zinapotoka kwenye kazi na kuhamia kwenye nafsi yake: wenzangu wananionaje? Mstari mwekundu hauna kazi nyingine ila hiyo.

"Mficha maradhi kilio humfichua," wananiambia. Sawa, lakini daktari hufunga mlango kwanza.

"Duka langu, karatasi yangu." Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa yoyote ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Kuweka mauzo yake ili umlipe kamisheni ni jambo moja, kuyaanika au kuyatupa kwenye grupu la WhatsApp ni jingine. Usiniambie walikubali, anayeogopa kupoteza kazi hukubali chochote. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

"Ni ushahidi nikitaka kumfukuza." Soma kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kisha umsikilize.

Sisemi tarakimu zifichwe. Bandika mauzo ya duka zima, na uyalinganishe na msimu kama huo mwaka jana, wala si mwezi kama huo, kwani Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya mtu mmoja mmoja, mwite pembeni, dakika kumi, chai mkononi, umwonyeshe mauzo yake ya sasa na ya zamani.

Meneja yule kakubali nusu: mstari mwekundu kauondoa, majina yangali pale. Jumatatu narudi.